Roton ya Mojave: mita 23 zisidharauliwe

Ndani ya eneo la uwanja wa ndege wa Mojave, kwenye jangwa la California, imesimama koni nyeupe yenye urefu wa mita 19. Hiyo ndiyo Roton, chombo cha majaribio cha kampuni binafsi ya Rotary Rocket. Kila inapotajwa, takwimu moja haikosekani: roketi iliyobuniwa ili ifike kwenye mzingo wa dunia iliishia kimo cha mita 23. Watu hucheka, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Wapo pia wanaouliza kwa nini chombo kilichoshindwa kimewekwa hadharani kana kwamba kilishinda. Swali lao ni la haki na nitalirudia. Ila takwimu yenyewe, kwa maoni yangu, inasomwa visivyo.

Wazo la wabunifu wake, Gary Hudson na Bevin McKinney, lilikuwa hivi: roketi ipande nzima bila kuangusha kipande njiani, ifikishe mzigo angani, na inaporudi ifungue mapanga kama ya helikopta, ishuke taratibu na kutua wima. Hakuna mabawa, hakuna parachuti, hakuna haja ya njia ndefu ya kutua. Chombo kilichoonyeshwa kwa umma tarehe 1 Machi 1999 hakikutengenezwa kwenda angani hata kidogo. Kilijengwa na kampuni ya kutengeneza ndege ya Scaled Composites, jirani zao hapo hapo Mojave, kwa karibu dola milioni 2.8, ili kijibu swali moja tu: je, koni kubwa namna hii inaweza kushushwa chini kwa mapanga na binadamu akiwa ndani yake?

Walibana matumizi ipasavyo. Kitovu cha mapanga kilitoka kwenye helikopta ya Sikorsky S-58 iliyokuwa imeanguka, wakakipata kwa takriban dola 50,000. Kwenye ncha ya kila panga wakafunga kijiroketi kinachotumia peroksaidi ya haidrojeni, ambayo ikipita kwenye kichocheo hugeuka ghafla kuwa mvuke na oksijeni. Mvuke huo ndio uliozungusha mapanga.

Kisha yakaja majaribio ya kuruka, matatu kwa jumla. Tarehe 28 Julai 1999 Roton iliruka juu na kurudi chini mara tatu, ikafika mita 2.4. Tarehe 16 Septemba ikaning'inia hewani dakika mbili na nusu, mita 6 kutoka ardhini. Tarehe 12 Oktoba ikaenda mbele zaidi ya kilomita moja kandokando ya njia ya ndege, kwa mwendo wa kilomita 85 kwa saa, na hapo ndipo ikafika zile mita 23.

Anayezicheka mita 23 anachukulia kwamba kuwa karibu na ardhi ni kuwa salama. Muulize rubani wa helikopta. Akiwa juu sana na nguvu ikakatika, anao muda wa kuacha upepo wa mshuko uzungushe mapanga na kumpunguzia kasi. Akiwa chini kabisa, ataanguka kidogo na pengine asiumie. Balaa liko katikati, mita kumi, ishirini, hamsini, mwendo ukiwa mdogo: hakuna kimo cha kutosha kuyapa mapanga kasi, na kipo kimo cha kutosha kuua. Marubani hufundishwa mapema kulikwepa eneo hilo. Roton ilifanyia kazi yake humo, mwendo wake wa jaribio la tatu ukiwa ndio nafuu pekee, ikiendeshwa na watu wawili, Marti Sarigul-Klijn na Brian Binnie.

Na walichokuwa wakikiona ni kidogo sana. Chumba chao walikipa jina la Batcave. Madirisha yalikuwa madogo na ardhi ya chini yao hawakuiona, kwa hiyo umbali uliobaki kabla ya magurudumu kugusa chini walitegemea kuusoma kwenye kifaa kinachopima kimo kwa mawimbi ya sauti. Upande mmoja mikono inadhibiti mapanga, upande mwingine macho yako kwenye namba. Walipokiweka chombo hicho kwenye kipimo cha Cooper-Harper, ambacho wanaojaribu ndege hukitumia kueleza ugumu wa kuendesha, walikipa 10, alama mbaya kuliko zote. Hata hivyo walikirusha, wakakirudisha kizima mara zote tatu. Mimi siioni aibu hapo.

Sasa hoja ya upande wa pili, na hii ndiyo nzito. Kutua halikuwa tatizo gumu kuliko yote. Gumu lilikuwa injini, pamoja na kulifanya umbo zima liwe jepesi kiasi cha kufika kwenye mzingo kwa kipande kimoja. Katikati ya mwaka huohuo 1999 kampuni iliachana na injini yake ya kuzunguka, ikageukia injini iliyotokana na Fastrac ya NASA, na wahandisi wa injini wakaondoka. Mkosoaji anasema: mlijaribu kile kilichopendeza machoni pa wenye fedha, mkaacha kile ambacho kingewaambia ukweli. Isitoshe, mshuko kamili kutoka juu, mapanga yakizungushwa na upepo peke yake, haukujaribiwa kamwe. Hayo sina namna ya kuyapinga.

Ninachopinga ni hitimisho kwamba basi jaribio lilikuwa bure. Agosti 1999, wiki chache baada ya mruko wa kwanza, kampuni ya simu za setilaiti ya Iridium iliomba kinga ya kufilisika, na matumaini ya soko la kurusha setilaiti nyingi ndogo yakayeyuka. Fedha zikakauka, na kufikia 2001 Rotary Rocket ilikuwa imefunga. Mwaka huohuo NASA ikafuta mradi wa X-33, chombo kingine cha majaribio ya kufika angani kwa kipande kimoja, uliokwisha kuigharimu zaidi ya dola milioni 900, na chombo chake hakikuwahi kuruka hata sentimita moja. Wahandisi wa injini walioondoka Roton walianzisha kampuni ya roketi ya XCOR, na Binnie ndiye aliyekipeleka chombo binafsi cha SpaceShipOne hadi kimo cha karibu kilomita 112 tarehe 4 Oktoba 2004 na kukipatia Ansari X Prize, tuzo ya safari binafsi za angani. Ujuzi haukuzikwa na kampuni.

Kuhifadhi nako kulikuwa na majaribio yake. Mpango ulikuwa kuipeleka Roton kwenye makumbusho ya helikopta karibu na San Diego. Kitako chenye upana wa karibu mita 7 si mzigo wa kupitisha barabarani, hivyo Mei 2003 helikopta ya Chinook ya jeshi la akiba ilijaribu kuibeba kwa kuining'iniza. Ilipovuka kilomita 65 kwa saa, koni ikaanza kuyumba chini ya helikopta, na safari ikaachwa. Novemba 2006 ikasimamishwa rasmi hapo ilipo.

Wanaotaka ingekuwa ndani ya jengo wana sababu. Ukavu wa Mojave huzuia kutu, ndiyo maana ndege nyingi huegeshwa huko, lakini Roton ni faiba na gundi, na jua kali hula vitu hivyo polepole. Wanaosema ikatwe nao wana mfano: SN15 ya SpaceX, chombo cha kwanza cha majaribio ya roketi yao kubwa ya Starship kupanda kilomita 10, kutua na kubaki kizima, ilivunjwa mwaka 2023, kwani eneo la kiwanda lina kazi nyingine. Kwa mtengenezaji, hesabu hiyo inaeleweka.

Lakini Mojave bado kuna vijana wanaojenga injini, na wanapita karibu na Roton wakienda kazini. Wakiitazama kwa ukubwa wake halisi wanaona madirisha yale yalivyo madogo, jambo ambalo picha haiwezi kuwaonyesha. Kuihamisha ni kuwanyima hilo. Fedha ikipatikana, paa lijengwe juu yake. Kabla ya paa, yaandikwe maelezo ya waliokuwemo, kwa sababu Binnie alifariki mwaka 2022 na aliyoyajua kuhusu kuishika koni ile hewani hayamo kwenye faiba.