Ikiwaka Taa Yoyote, Eti Betri Kubwa

Simamisha Toyota Prius ya mwaka 2010, gari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na motori za umeme zinazolishwa na betri kubwa, pembeni pale Ubungo, ile pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao kwenye dashibodi ikiwa imekukodolea macho, kisha fungua boneti uone. Dakika haijaisha, umeshapata bodaboda wawili, muuza maji, na mzee wa watu aliyekuwa akisubiri mwendokasi zake. Wote wameinama. Na wote wana jibu moja: "Bosi, hapo betri kubwa imekufa. Hizi gari ndivyo zilivyo."

Wanayasema hayo huku wakiangalia injini, wakitikisa kichwa kama wako msibani, na betri yenyewe haipo hapo. Iko nyuma ya siti ya nyuma!

Ile pembetatu peke yake haisemi kitu. Ni mpambe tu, kazi yake kukuambia kuna taa nyingine au kuna maandishi kwenye skrini, soma. Haya, soma basi. Maandishi ya Kijapani. Gari inakueleza ugonjwa wake kwa ufasaha wote na wewe umekaa unaitikia kwa kichwa. Chukua simu, piga picha, itafsiri kabla hujazima gari. Watu wanazima kwanza, wakiwasha ujumbe haupo, wanakwenda kumwelezea fundi kwamba "palitokea vitu kama vijiti-vijiti hivi". Fundi naye, bila aibu: betri kubwa.

Jamani, kuna betri ndogo! Volti 12, kwenye Prius iko kwenye buti, kwenye Aqua, haibridi nyingine ya Toyota, iko chini ya siti ya nyuma. Hii haizungushi injini, kwa hiyo hata ikichoka hutasikia ile stata inayokokoroka asubuhi kama kwenye gari za kawaida. Yenyewe inaamsha kompyuta na kufunga rilei, zile swichi za kuruhusu umeme wa betri kubwa, basi. Ikiishiwa nguvu, kompyuta zinaanza kuongea kilevi: taa ya ABS, ya breki, ya usukani, ya kuteleza, zote kwa pamoja, dashibodi inawaka kama ukumbi wa harusi Sinza. Chukua testa asubuhi kabla hujagusa mlango wa dereva. Ukikuta 12.5 na kwenda juu, salama. Ukikuta 12.0 au chini, hiyo ina njaa. Washa gari hadi neno READY la kijani litokee kwenye dashibodi, pima tena: inatakiwa ipande kwenye 13.8 hadi 14.5. Isipopanda, kinachochajia ndicho kibovu, na kinachochajia kimo ndani ya inveta, lile boksi linalobadilisha umeme wa betri kubwa ili utumike na motori. Fundi akikuambia altaneta imeungua, mpe mkono wa kwaheri. Haibridi hizi hazina altaneta. Na usiletewe betri ya kawaida ya asidi ukafunge mle, maana unakaa nayo chumba kimoja. Inatakiwa ile iliyozibwa, yenye mpira wa kutolea hewa nje.

Halafu feni. Betri kubwa inapozwa kwa hewa ya humohumo ndani, inavutwa kupitia tundu lililo ubavuni mwa siti ya nyuma. Sasa angalia tundu hilo kwenye gari ya teksi ya mtandao inayolala Kivule. Vumbi la Kivule, nywele za rasta, manyoya ya zulia, karatasi ya vitumbua. Juu yake abiria kaegemeza begi. Betri inapumulia wapi? Inachemka, kodi ya hitilafu P0A82 (feni ya betri) inatoka kwenye kompyuta, na ukiendelea kukaza moyo P0A80 (badilisha betri kubwa) inafuata. Kazi yenyewe ni kutoa kava, kuitoa feni, brashi laini, kikavu, hakuna maji. Lakini hiyo haina hela, kwa hiyo hakuna anayekuambia.

Sawa, P0A80 imetoka kweli. Hata hapo, tulia. Kifaa cha bei poa cha bluetooth cha kusomea kodi mara nyingi kinasoma injini tu. Tafuta kinachosoma kompyuta ya haibridi na kinachoonyesha volti za kila bloku. Betri kubwa ya Prius ina moduli 28, yaani vibetri vidogo, za volti 7.2, jumla volti 201.6, zimepangwa mbili mbili kwenye bloku 14. Aqua ina moduli 20, volti 144. Mtu ashike kifaa, mwingine akanyage mafuta kwenye kilima cha Kimara. Zikishuka zote pamoja na kupanda pamoja, wazee lakini wana umoja. Bloku moja ikiporomoka volti nzima na zaidi kuliko wenzake, huyo ndiye mgonjwa. Ukibadilisha moduli moja tu, jua umenunua muda, maana zilizobaki ni rika lake.

Na kabla ya kubadilisha, fungua uone vile vibamba vya shaba vinavyounganisha moduli. Hewa yetu hii ya bahari inavigeuza kijani, kodi inatoka ileile, kumbe dawa ni msasa. Nati zake zinakazwa kwa 5.4 Nm tu, kipimo cha mkazo. Siyo mkazo wa nati za tairi! Fundi anapanda na spana ndefu ya futi moja, skrubu inakatika, unaambiwa tena... Na hizo nyaya za rangi ya chungwa, za umeme mkubwa, siyo mapambo. Gari izimwe, funguo ikae mbali, ng'oa plagi ya usalama, subiri dakika 10, vaa glovu za umeme za volti 1,000. Glovu za kuoshea vyombo hazihusiki.

Inayoudhi kuliko zote ni P0AA6, umeme mkubwa kuvuja kwenda kwenye bodi. Hapa ukitajiwa kodi kuu tu umetajiwa nusu. Dai na ile kodi ndogo ya tarakimu 3. 612 ni upande wa betri, na kama uliwahi kupita Jangwani siku mto Msimbazi umefurika, unajua maji yaliingilia wapi. 613 ni motori za kwenye giaboksi. 611 ni upande wa AC, na hiyo mara nyingi imetengenezwa chini ya mwembe. Kompresa ya haibridi inaendeshwa na umeme, oili yake ni ND-11 isiyopitisha umeme. Yule wa kujaza gesi anasukumia oili ya kawaida ya AC, unaondoka umepata baridi, wiki ya pili gari inakataa kuwaka. Unarudi kwake. Anakuambia nini? Nisiseme.

Inveta nayo ina rejeta yake, pampu yake na kulanti yake ya pinki. Gari ikiwa READY, fungua kifuniko cha tangi lake ndogo: maji yakitembea, pampu ipo, yakitulia, ndiyo maana foleni ya Mandela saa nane mchana inakutolea P0A93, kodi ya inveta kutopoa. Maji ya kisima cha chumvi usiweke humo hata kwa dakika ya dharura.

Na tabia ya kuweka mafuta ya elfu tano ukijipa moyo kwamba "si ina betri"? Mafuta yakiisha, betri kubwa inakuburuza mpaka iishe na yenyewe, na hapo hata ukileta dumu la petroli injini haina wa kuizungusha.

Wengine hawataki shida zote hizo. Wanachomoa kichwa cha betri ndogo, taa inazimika siku mbili, gari inapelekwa sokoni. Ukienda kununua, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki. Taa zote lazima ziwake, cheki injini ikiwemo. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji kwa upole kama tepu nyeusi aliyobandika nyuma ya dashibodi inauzwa pamoja na gari.