Mchore bundi wa Sokoke akiwa amejificha

Michoro mingi ya bundi inayotengenezwa kwenye tableti na simu ina ndege yule yule: macho kama vikombe, uso mweupe uliozungushiwa ukingo mweusi, mabawa wazi, mwezi nyuma yake. Ukiandika chini ya mchoro huo "bundi wa Sokoke", umempa mwingine jina lake. Bundi wa Sokoke, Otus ireneae, ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 na uzito wa gramu 50 hivi, hata yai la kuku humshinda. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966 tu. Makao yake ni Msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi na maeneo machache chini ya milima ya Usambara Mashariki. Kazi yake mchana kutwa ni kutoonekana, na kwa maoni yangu mchoro unaomtangaza kwa jicho la kwanza umeshamkosea.

Anza na kipimo. Fungua turubai ya pikseli 3000 kwa 4000, nukta 300 kwa inchi. Hapo ndege wa sentimita 17 anachukua pikseli 2000 hivi kwa urefu, yaani ukichapisha anatoka ukubwa wake halisi. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: brashi ya pikseli 3 inakuwa robo ya milimita, na unajua papo hapo kama mstari unaouchora unaweza kuwepo kwenye unyoya wa kweli. Wanaochora kwenye turubai kubwa mno huishia kumjaza vinyoya elfu ambavyo mwili wake hauna nafasi navyo. Programu ya kuchorea ya Krita inatosha kwa kompyuta na haina malipo. Kwenye simu, ibisPaint inafanya kazi hii bila shida.

Umbo sasa. Bundi huyu akistarehe anajikunja kuwa kama donge, kichwa kikiwa karibu theluthi moja ya urefu wote na shingo haionekani. Akihisi hatari anajinyoosha, anabana manyoya, anasimamisha vishungi vya kichwani na kufumba macho mpaka yabaki mianya. Chagua mkao mmoja. Kosa linalorudiwa ni kuchanganya: vishungi vimesimama kwa hofu, mwili umevimba kwa starehe, macho wazi kabisa. Mtu anayemjua ndege huyu ataona uongo huo kabla hajaangalia rangi. Mara nyingi dume na jike hulala wakiwa wamebanana kwenye tawi moja, katikati ya majani, wala si juu kileleni. Ukiweka wawili bega kwa bega, mmoja akiwa ameegemea kidogo, umeshapata mpangilio wa picha bila kubuni chochote.

Rangi ndiyo sehemu yenye utamu. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu iliyokolea, wote aina moja. Kwa hiyo chora mwanga na kivuli kwanza kwa kijivu kitupu, kwenye tabaka (layer) lake, kisha uweke juu ramani ya rangi inayogeuza kila kiwango cha kijivu kuwa rangi uliyoichagua. Kwa ndege wa kutu jaribu misimbo ya rangi #4A2214 kwenye kivuli, #A8552A katikati na #D99A62 kwenye mwanga. Kwa wa kahawia shusha ukolezi wa rangi. Kwa wa kijivu karibu uuondoe, ukiacha joto kidogo. Mchoro mmoja unakupa ndege watatu. Ila usiishie hapo: kwa ndege wa kutu madoa huzama zaidi, hivyo punguza nguvu ya tabaka la madoa mpaka asilimia 50 au 60. Ukiyaacha yalivyo, anaonekana amemwagiwa pilipili manga. Na usipake rangi yenye uwazi moja kwa moja juu ya kijivu. Itatoka tope, kwa sababu kijivu cha chini kinaua wekundu.

Madoa yenyewe ni madogo: vitone na vijistari vyeusi tumboni, na mstari wa vitone vyeupe vyenye ncha nyeusi mabegani. Mistari minene myeusi ya kushuka kifuani ni ya binamu yake wa nyika, Otus senegalensis, na picha zake ndizo watu hunakili bila kujua. Zima kioo cha ulinganifu, kile kinachonakili kila mstari upande wa pili, mara tu uso unapokaa sawa. Madoa yanayofanana kushoto na kulia humfanya ndege awe kitambaa. Yafuate mviringo wa mwili, yakisogeleana kadiri kifua kinavyopinda kuelekea pembeni. Maliza undani usoni na kwenye bega moja, kwingine uache mabaka laini. Brashi ya nywele iweke kando kabisa, manyoya ya bundi si manyoya ya paka.

Macho ni ya njano iliyopauka. Yamekaa imara kwenye fuvu, hayawezi kuzunguka, kwa hiyo usisogeze mboni pembeni ili aangalie upande. Geuza kichwa kizima. Kope la juu liangushe kivuli juu ya njano, la sivyo jicho litaelea. Vidole vya mbele vichore viwili, kwa kuwa bundi aliyetua kwa kawaida hurudisha kidole cha nje nyuma. Vitatu mbele ni mguu wa kuku.

Mandhari ni kichaka kizito cha miti ya Cynometra juu ya udongo mwekundu. Usimweke kwenye miti ya mirihi (Brachystegia) na mchanga wake mweupe, maana huo ni upande mwingine wa msitu. Udongo ule mwekundu unarudisha mwanga wa joto tumboni kutoka chini, na majani yanatia kijani hafifu kichwani. Mwezi na anga jeusi viache. Bundi ameshabebeshwa uchuro wa kutosha na watu wetu, na kila picha ya kutisha inamwongezea mzigo ndege ambaye chakula chake ni wadudu.

Kabla ya kuhifadhi, punguza picha mpaka ilingane na kucha ya kidole gumba, kisha uigeuze kuwa kijivu. Kinachotakiwa kuonekana kwanza ni tawi na majani. Ndege akitangulia, rudi kwenye ukingo wa mwili wake, ulainishe sehemu mbili au tatu zinazogusa vivuli vya majani, na upunguze mwanga wa macho kabla ya kugusa kitu kingine.