Maadamu imeshafunguliwa

Porsche Boxster ya 2002 imeinuliwa kwenye jeki katika garaji moja ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Gia boksi iko chini, juu ya katoni iliyolowa oili. Klachi imeungua, jambo la kawaida. Fundi anafuta sehemu ya nyuma ya injini kwa kitambaa, kisha anagusa kwa kidole kifuniko kidogo chenye boliti tatu, chini kidogo ya krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. "Patron, tumesha fungula. Tubadilishe na ile beringi." Mwenye gari ni jirani yangu, na alikuja na pesa za klachi peke yake.

Sentensi hiyo ya fundi anaijua kila mtu anayemiliki gari la mbio lililozeeka. Wengine husikia ndani yake hekima, wengine mtego. Kwa maoni yangu fundi alikuwa sahihi kuhusu beringi ile, ila sababu aliyoitoa si sababu ya hapa kwetu.

Nyuma ya kifuniko kile kuna mwisho wa shafti ya kati. Hiyo hupokea nguvu kutoka kwenye krankshafti na kuzungusha cheni zinazoendesha kamshafti, zile shafti zinazofungua vali. Kwenye injini nyingi za Boxster na Porsche 911 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwisho huo umebebwa na beringi yenye safu moja tu ya gololi, iliyofungwa na grisi yake ndani. Kadiri miaka inavyopita sili zake (mipira ya kuzuia oili) huchoka, oili ya injini hupenya na kuisafisha grisi, na gololi huanza kulika. Ikivunjika, cheni hupoteza taimingi (mpangilio wa vali na pistoni), vali zinagongana na pistoni, na injini inakuwa chuma chakavu. Huko Marekani wenye magari walifungua kesi iliyomalizwa kwa suluhu mwaka 2013. Takwimu zilizotajwa mara nyingi kutokana na kesi hiyo ni kama injini 8 zilizoharibika katika kila 100 kwa beringi ya safu moja, na chini ya 1 kwa ile ya zamani yenye safu mbili.

Kwa hiyo, wanaosema "badilisha" wana hoja nzito. Huwezi kuifikia beringi hiyo bila kushusha gia boksi, na klachi haiishi kila mwaka. Nafasi ndiyo hii.

Lakini kanuni ya kubadilisha kila kinachoonekana ilizaliwa mahali ambapo saa moja ya fundi ni ghali kuliko kipuri chenyewe. Mjerumani akilipia saa nyingi za kushusha gia boksi, ni lazima auone upuuzi wa kuishusha tena baada ya miezi sita. Hapa kwetu hesabu imegeuka. Kazi ya mikono ni nafuu. Kinachotuumiza ni kipuri halisi, kinachokuja kwa ndege kutoka Dubai au kwa barabara kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Kikichelewa, injini inakaa wazi. Mwezi wa nane, vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, sembuse injini iliyofunikwa kwa gunia.

Kisha kuna suala la feki. Niliwahi kuwa na Subaru Impreza kutoka Japani, usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha kulia (tuliozoea hatulalamiki tena). Ilifunguliwa kwa ajili ya gasketi za silinda hedi. Fundi akasema ni vema tuweke pia mkanda wa taimingi mpya, pampu ya maji na roli zote zinazouongoza mkanda. Nilikubali, na hata leo ningekubali: kwenye injini ile pampu inazungushwa na mkanda huo huo, na mkanda ukikatika vali zinapinda. Kosa langu lilikuwa kununua roli za bei rahisi, kwenye katoni yenye jina zuri. Miezi mitatu haikuisha, moja ikaanza kulia kama mbu. Roli ya zamani nilikuwa nimeitupa kwenye buti. Nikaizungusha kwa kidole, kimya kabisa. Tukafungua tena, tukairudisha ile ile, nikasubiri kipuri cha kuaminika.

Tangu siku hiyo sikubali kuwa kipya ni salama kwa sababu tu ni kipya. Beringi ya kiwandani iliyotembea kilomita 90,000 bila kelele inaweza kuwa bora kuliko ya jana isiyojulikana ilikotoka.

Isitoshe, "maadamu imefunguliwa" hutanuka kama mpira. Fundi wa jirani yangu alitaja pia pampu ya maji. Kwenye Boxster injini imekaa katikati: gia boksi iko nyuma, pampu iko mbele, na unaifikia kupitia ukuta ulio nyuma ya viti. Kushusha gia boksi hakukusogezi karibu nayo hata kidogo. Sili ya nyuma ya krankshafti ni jambo jingine: iko hapo hapo mbele ya macho na ilikuwa inavuja. Hiyo unabadilisha bila mjadala, mradi fundi ajue kwamba sili za aina mpya hufungwa kavu. Wa kwetu alikuwa tayari ameshika kopo la oili kuipaka, kwa mazoea ya miaka yote, tukamshika mkono.

Kuhusu beringi, nilimuuliza jambo moja tu: una kifaa cha kufungia kamshafti? Kabla ya kutoa kifuniko kile, injini lazima ifungwe mahali pake na vikaza cheni vilegezwe. Ukikosea hapo, taimingi inaruka, na kinga inakuwa ndiyo ugonjwa. Hakuwa nacho. Alisema atatumia akili.

Nilimshauri jirani asubiri kifaa na kipuri, hata mwezi mzima, injini ikiwa imefungwa kwa plastiki. Kwa safu moja ya gololi na gari la 2002, mimi ningesubiri. Yeye analitumia gari hilo kila siku ya kazi kwenda mjini, akaona mwezi ni mrefu mno. Si uamuzi wa kijinga: 8 katika 100 maana yake pia ni 92 zilizopona.

Klachi na sili vilifungwa Jumamosi. Beringi ya zamani imebaki ndani. Sasa kila akimwaga oili ananiita. Tunaikunjua karatasi ya filta juani, mkunjo baada ya mkunjo, tukitafuta chembe zinazometa. Mara ya mwisho tuliona vipande viwili vidogo vya plastiki nyeusi, na chuma hakikuwepo.