Kahawa baada ya mlo: moto upo, ila ni wa kibiriti

Kijiwe cha kahawa hakikosi bingwa wa afya. Muuzaji anagonga vikombe, dele linafuka moshi, na bingwa anatoa dawa yake: ukishiba wali wako, shushia kahawa chungu, mafuta yote yatayeyuka.

Bingwa huyu hajakosea kabisa. Kula kwenyewe kunauchemsha mwili, maana kumeng'enya chakula na kukihifadhi hutumia karibu sehemu moja ya kumi ya nishati iliyomo. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, huongeza kidogo juu ya hapo. Mwaka 1989 mtafiti Abdul Dulloo na wenzake walionyesha kwamba miligramu 100 tu, kiasi cha kikombe kikubwa kimoja, ziliongeza nishati anayotumia mtu aliyepumzika kwa asilimia 3 hadi 4, kwa dakika 150.

Asilimia inapendeza mpaka uigeuze kuwa kalori. Mtu aliyekaa kitako hutumia kama kalori 70 kwa saa. Kwa dakika hizo 150 ni kalori 175, na asilimia 4 yake ni 7. Kijiko cha chai cha sukari kina 16. Kashata ya pembeni imeshafuta faida yote, na deni juu.

Wanaotaka moto mkubwa zaidi huhamia kwenye miraa. Kweli, anayetafuna hasikii njaa, lakini hiyo ni kazi ya kathinoni, kemikali iliyomo kwenye miraa na ndugu wa amfetamini, dawa kali ya kusisimua, inayochelewesha chakula tumboni na kupandisha mapigo ya moyo. Mmea wa efedra uliouzwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito ulipigwa marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004, kwa sababu ya madhara ya moyo na kiharusi. Huko sitamfuata bingwa.

Kwa wanawake mambo yanabadilika, na hapo kijiwe, ambacho aghalabu ni cha wanaume, hunyamaza. Nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa 5. Kwa anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango muda huo hukaribia mara mbili. Akinywa saa kumi jioni, nusu bado inazunguka saa nane usiku. Na aliyekosa usingizi huamka na njaa. Mimba ikikomaa, muda wa kafeini kubaki mwilini hurefuka zaidi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze.

Wanaoitetea kahawa watakumbusha kwamba wanywaji wa muda mrefu, wake kwa waume, huonekana kuugua kisukari cha aina ya pili kwa uchache. Ni hoja nzito. Ila faida hiyo haitokani na kuchoma wali wa mchana huu. Dozi moja ya kafeini hata huifanya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ifanye kazi kwa ulegevu kwa muda.

Kinachonikera zaidi ni suala la madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu. Nimemwona mama mjamzito akimeza vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya rangi, nyeusi tititi. Katika utafiti wa mwaka 1983, kahawa iliyonywewa na mlo wa hambaga ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39, chai kwa 64. Kahawa ya saa moja kabla ya mlo haikudhuru kitu. Ya saa moja baada yake ilizuia sawasawa na ile ya mezani. Kwa mwenye upungufu wa damu, basi, dawa ya bingwa imeshikwa miguu juu.