Hesabu Nyota Kwanza, Hadithi Baadaye

Juzi nimeletewa picha ya bendera ya Marekani iliyokuwa mnadani. Maelezo yake marefu kuliko bendera yenyewe: ilipepea kwenye manowari, Pasifiki, 1944, ikaliwa na upepo wa chumvi, babu akarudi nayo nyumbani akaifungia sandukuni. Nikaikuza picha. Nikahesabu nyota. Hamsini.

Hamsini, jamani! Mwaka 1944 nyota zilikuwa 48, safu sita za nane nane, zimenyooka kama askari gwarideni, mpangilio ulioamriwa na Rais Taft mwaka 1912. Ya 49 iliingia Julai 1959 kwa ajili ya Alaska, ya 50 Julai 1960 kwa ajili ya Hawaii. Babu wa watu kapigana chini ya bendera ambayo haijazaliwa. Na wanunuzi walikuwa wanapandiana dau!

Muuzaji hanishangazi, waongo hawakuanza leo. Wanaonikera ni sisi, tunaojiita wapenzi wa bendera za vita na kuzisoma hatuzisomi. Tunanunua hadithi, kitambaa tunapewa kama nyongeza. Kuna hata wanaolowanisha kitambaa kipya kwenye chai ya rangi ili kionekane kikuukuu, na tunakinunua. Chai juu ya chai.

Wakati kitambaa kinajisemea chenyewe! Ukiletewa ile bendera nyekundu ya zamani ya Kanada ukaambiwa ni ya Vita vya Pili vya Dunia, tazama majani matatu yaliyo sehemu ya chini ya ngao yake. Yakiwa ya kijani, endelea kuongea na muuzaji. Yakiwa mekundu, muage, maana wekundu huo ulikuja 1957. Ya Japani, kanuni ya 1870 ililisogeza duara kidogo kuelekea mlingoti, sehemu moja ya mia ya urefu wa bendera. Sheria ya 1999 ndiyo iliyolirudisha katikati kabisa. (Zilizotengenezwa nyumbani usizipimie rula, utajisumbua.) Ukibaki na shaka, chukua uzi mmoja uliokwisha kuchomoka kwenye pindo, uuwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Nailoni inayeyuka na kuganda kitone kigumu, hapo funga mazungumzo.

Haya, nakubali, si kila mwenye hadithi ni tapeli. Wengine wamerithi kitambaa pamoja na maneno yake, wanarudia walichoambiwa.

Na mimi mwenyewe si msafi. Nilinunua bendera ya Japani ya hariri, ile yenye maandishi ya wino yanayotawanyika kutoka kwenye duara kama miale. Nikaiwekea fremu na kioo. Wageni wakisifu "mapambo" yake, nami navimba kichwa. Miaka ikapita, hadi siku alipokuja rafiki anayejua Kijapani. Alisimama mbele yake kimya, kisha akainamisha shingo, akaanza kusoma huku kapinda. Nilikuwa nimeitundika kichwa chini.

Tukaigeuza. Herufi nne kubwa za juu zilikuwa dua, bahati ya vitani isikatike. Pembeni, jina la kijana mwenyewe, askari aliyeandikiwa bendera hiyo. Yaliyobaki yote, ile miale niliyoitambia, ni majina ya watu: ndugu, majirani, wenzake wa kazini. Kila mmoja alishika brashi akaandika kabla kijana hajaondoka, naye akaikunja akaibeba mwilini. Jina moja pale pembeni limeandikwa kwa mkono unaotetemeka, wino umevujia kwenye hariri, kama aliyeandika alichelewa kuinua brashi.

Mimi, mhesabu nyota za wenzangu.

Nimeitoa kwenye fremu. Kuna familia ambazo zimerudishiwa bendera za namna hii baada ya miongo, na nyingine hazikuwahi kupata mabaki wala kaburi, kitambaa ndicho pekee kilichorudi. Kwa hiyo hii haiuzwi. Jina lipo, natafuta wenyewe. Wiki iliyopita mkusanyaji mmoja kaniandikia kuuliza kama ina doa la damu, maana zenye doa zina bei nzuri. Sijamjibu.