Mtego wa Tuta: wa Kuulia au wa Kuhesabia?

Kwa wakulima wa nyanya wa Subukia na Bahati, Nakuru, hakuna tena anayeuliza kama Tuta absoluta yupo. Nondo huyu wa asili ya Amerika Kusini aliingia Kenya mwaka 2014 na hajaondoka. Ubishi uliobaki ni wa mtego: beseni la maji ya sabuni lililoning'iniziwa chambo cha feromoni (harufu ya kuvutia nondo) linaua wadudu, au linawahesabu tu?

Wanaosema linaua wana ushahidi wa macho. Tega jioni, asubuhi utakuta nondo wa kijivu, wadogo kama punje za mchele, wameelea tele. Mwenye agroveti naye atakushauri uongeze mitego (sishangai, ndiye anayeiuza). Na ndani ya grinihausi iliyozibwa vizuri kwa neti wana haki: mitego mingi hupunguza kweli kizazi kinachofuata, maana hakuna nondo wa nje anayeingia.

Shamba la wazi ni habari nyingine. Chambo kile huiga harufu ya jike, hivyo wanaonaswa ni madume. Dume mmoja aliyenusurika hupanda majike kadhaa, na jike mmoja huweza kutaga mayai 260 hivi. Hata ukitega mitego 40 kwa hekta, jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani atavuka ua na kutaga kwako. Na si lazima jirani awe na nyanya. Viazi na managu pia humlisha Tuta. Ndiyo maana beseni linaweza kujaa huku majani yakizidi kutoka mabaka meupe, na ukiyainua kwenye mwanga unaona kinyesi cheusi cha kiwavi ndani.

Kwangu mimi, faida ya mtego iko kwenye hesabu. Wengi hupiga dawa kila wiki, wadudu wawepo wasiwepo. Kiwavi akishazama ndani ya jani au tunda, dawa ya kugusa haimpati, na dawa inayorudiwa ovyo huzaa usugu: Italia na Ugiriki, kufikia 2015, Tuta walikuwa wameanza kuzishinda dawa za kundi la diamidi zilizotegemewa sana. Idadi ikipanda ghafla mtegoni, unajua mayai yataanguliwa siku chache zijazo, na pampu inatoka kwa sababu. Tena kuna kijinyigu kinachotaga ndani ya viwavi wa Tuta, ambacho icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, ilikileta kutoka Peru mwaka 2017. Dawa ya kila wiki haikibakizi.

Hata hesabu yenyewe ina hila, hapo wapinzani wana hoja. Chambo huisha nguvu baada ya wiki 4 hadi 6, na mtego mtupu wa chambo kilichokufa humdanganya mkulima kwamba mambo ni shwari. Wakati mwingine madume ni wengi na uharibifu mdogo, kwa hiyo lazima ugeuze majani. Anayekodi nusu ekari kwa msimu mmoja hana nafasi ya kazi hiyo kila asubuhi, na simlaumu.

Lakini akiwa na pesa ya mitego kumi ya ziada, afadhali abaki na miwili, zinazosalia awalipe vibarua wang'oe na kufukia mashina mara tu baada ya mavuno. Huko ndiko Tuta wa msimu ujao wanakolelewa.