Gofu Huharibikia Njiani, Kati ya Pigo na Pigo

Raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne, wakati mwingine zaidi. Pigo lenyewe, tangu fimbo inyanyuliwe hadi mikono imalize mzunguko, halifiki sekunde mbili. Mtu akimaliza kwa mapigo 72, ambayo ndiyo kiwango (idadi ya mapigo inayotarajiwa) cha viwanja vingi, basi siku nzima amecheza kwa muda usiofika dakika tatu. Saa zilizobaki anatembea, anasubiri wenzake, anatafuta mpira majanini, anawaza. Halafu tazama mazoezi yetu yanakwenda wapi. Fimbo mpya, kocha wa mkao, video za mabega na kiuno, yote kwa ajili ya zile dakika tatu.

Ninaamini tunafanya mazoezi mahali pasipo na ugonjwa.

Beki wa soka akipokonywa mpira hana nafasi ya kujuta, inabidi akimbie. Mcheza gofu anapewa mita 200 za kutembea na kosa lake, taratibu, na mpira uko pale pale umetulia unamngoja. Hapo ndipo anapoanza kupiga hesabu: nimepoteza mawili, shimo lijalo lazima niyarudishe. Akifika kwenye mpira anachukua fimbo kubwa kuliko inayotakiwa, anapitisha mpira juu ya miti ambayo siku ya kawaida angeizunguka. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono. La pili alilibeba kichwani tangu kule nyuma.

Hata wanaolipwa kwa kazi hii hawajasalimika. Mwaka 2011 watafiti Devin Pope na Maurice Schweitzer walichapisha uchambuzi wa zaidi ya mapigo milioni 2.5 ya kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya PGA ya Marekani. Waligundua kwamba mchezaji anayepigania kupunguza pigo moja chini ya kiwango hukosa zaidi kuliko anayejiokoa asizidishe kiwango, hata umbali ukiwa ule ule. Kinachotofautiana ni hesabu aliyoingia nayo kwenye grini.

Mfano ninaoukumbuka kila mara ni Rory McIlroy, mchezaji wa kulipwa kutoka Ireland Kaskazini, kule kwenye uwanja wa Augusta, Marekani. Mwaka 2011, akiwa na miaka 21, aliingia siku ya mwisho ya Masters, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu, akiongoza kwa mapigo manne. Shimo la 10 mpira wake ulipotelea kushoto, ukaishia kwenye nyumba ndogo za wageni, akatumia mapigo saba pale panapotakiwa manne. Lakini hilo peke yake halikutosha kummaliza. Kilichommaliza ni kwamba la 11 alisukuma mara tatu kwenye grini, na la 12 mara nne. Kosa la shimo moja likala mashimo matatu. Alimaliza siku kwa mapigo 80.

Miaka 14 baadaye, Aprili 2025, uwanja ule ule. Shimo la kwanza tu la Jumapili alizidisha kiwango kwa mapigo mawili, uongozi wote ukayeyuka. La 13, kwa fimbo fupi ambayo kwake ni kazi ya kila siku, akautia mpira kijitoni, mawili mengine. Wiki ile alizidisha mawili katika mashimo manne, na hakuna bingwa wa Masters kabla yake aliyewahi kushinda na mzigo wa namna hiyo. Hata hivyo, baada ya la kwanza alipunguza pigo moja la 3 na jingine la 4. Baada ya kuyumba la 13 na la 14, la 15 aliuzungusha mpira kando ya miti ukatua karibu na bendera. Makosa hayakwisha. Ila safari hii hayakumsomba moja kwa moja.

La 18 alikosa pigo fupi ambalo lingemaliza kila kitu, ikabidi arudi kuamua mshindi na Justin Rose, waliyefungana naye. Wakiwa njiani kurudi kwenye tii, pale pa kuanzia shimo, kedi wake (mbeba begi na mshauri wake) Harry Diamond, rafiki yake wa tangu utotoni, alimkumbusha kwamba Jumatatu asubuhi wangeambiwa watafika hapa, wangekubali. Basi. Hakugusa mkao wala kumfundisha kupiga. McIlroy akapiga mpira ukasimama karibu na shimo, akaumalizia, akawa mtu wa sita kutwaa mataji yote manne makubwa.

Hapa ndipo ninapoumia nikitazama viwanja vyetu. Tuna makedi waliokulia kwenye nyasi hizi, wanaojua grini kuliko wanachama, na kutoka kwao wamepatikana wachezaji wetu wengi wa kulipwa. Lakini ni kawaida kuona mtu mzima akimkaripia kijana aliyembebea begi kwa sababu mpira umekwenda kichakani. Kijana anajifunza kunyamaza. Anatembea hatua kumi nyuma, na bosi wake anabaki peke yake na hasira yake hadi kwenye mpira. Yule mmoja ambaye angeweza kusema "Bosi, hilo limeshapita, hebu tazama upepo," naye ameshafungwa mdomo tangu shimo la pili.

Kwa hiyo ukikutana na kedi wako kwenye tii ya kwanza, umpe mkono, umwambie wazi: nikiharibu, usinieleze nilivyosimama. Nisemeshe. Niulize habari za watoto, niambie upepo unatoka wapi, nipe fimbo ndogo nikiomba kubwa. Na umlipe vizuri jioni, hata kama kadi ya mapigo imekuwa mbaya.